Barua kwa Kasongo: ugonjwa wa kulungu unaokaa udongoni

Bukavu, Ibanda

Ndugu yangu Kasongo,

Jambo sana, wewe na mama watoto na wote huko Lubumbashi. Swali lako limefika: wanafunzi wako wa veterineri wanashangaa kwa nini ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu (wale wa ng'ambo wanaoangusha pembe kila mwaka, si kulungu wa misitu yetu) umewashinda Wamarekani tangu ulipoonekana Colorado mwaka 1967. Ushauri wangu ni huu: somo lako lianzie kwenye udongo. Ukianza na mnyama, wataufikiria kama kichaa cha mbwa, nao hauendi hivyo hata kidogo.

Chanzo ni prioni, yaani protini ya kawaida ya mwili iliyokunjika vibaya, ambayo ikikutana na iliyo nzima huikunja nayo. Haina vinasaba. Na kwa kuwa ni protini ya mwili wenyewe, kinga haiioni kama adui. Ndiyo maana huwezi kupima kingamwili kwenye damu kama tunavyofanya kwa brusela, ule ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba za ng'ombe, na chanjo inayotumika hakuna. Anayeambukizwa hufa, hakuna anayepona.

Ila anakufa polepole, na hapo ndipo balaa lilipo. Tangu aambukizwe mpaka dalili zionekane hupita kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Katika muda huo ana nyama, ana mbio, anazaa, na tayari mate, mkojo na mavi yake yanabeba prioni kwa miezi mingi. Yule wa kwenye picha, mbavu nje, masikio yamelegea, udenda unamtoka, ni wa mwisho wa safari. Wengi hawafiki huko: wanagongwa na magari au wanaliwa na wanyama wengine. Ukisubiri kuona wagonjwa, umechelewa.

Waonyeshe wanafunzi mahali anapojitangaza dume. Majira ya kupandana yakifika, dume la kulungu hukwangua ardhi kwa kwato chini ya tawi linaloning'inia, hukojoa hapo, kisha hulilamba na kulitafuna lile tawi. Likiondoka, dume lingine linakuja kunusa, kulamba na kukojoa palepale. Madume hutembea mbali kuliko majike na hutembelea sehemu nyingi kama hizo. Si ajabu kwamba katika makundi mengi ndio wanaoambukizwa zaidi. Chumvi ya kulamba na chakula kinachomwagwa na wawindaji hufanya kazi ileile: pua nyingi mahali pamoja. Kama ningekuwa na amri, hilo la chakula ningelikataza kwanza.

Sasa udongo. Prioni hushikamana na udongo wa mfinyanzi, na majaribio kwa hamsta yameonyesha kwamba zikishikamana hivyo, zinaambukiza kwa njia ya mdomo kwa nguvu zaidi. Huko Colorado kulungu wazima waliwekwa kwenye mazizi yaliyokaa matupu zaidi ya miaka 2 baada ya wagonjwa kuondolewa, na bado wakaambukizwa. Mizoga iliyooza mahali pamoja nayo iliambukiza vilevile. Kwa hiyo Norway, ilipogundua ugonjwa kwa reinidia, kulungu wa nchi za baridi, mwaka 2016, iliua kundi zima la eneo la Nordfjella, zaidi ya wanyama 2,000, kisha ikaamua eneo likae bila reinidia miaka isiyopungua 5. Kuua peke yake kusingetosha.

Ugonjwa kuruka mamia ya kilomita ni kazi ya binadamu. Wapiti hai, aina ya kulungu wakubwa, waliotoka Kanada waliupeleka ugonjwa Korea ya Kusini. Mwindaji naye akibeba kichwa na uti wa mgongo kwenye gari, akatupa mifupa nyuma ya nyumba, ameshaanzisha shina jipya. Nyama isafirishwe bila mifupa. Mabaki yaende kwenye jalala lililotandikwa chini ili uchafu usipenye udongoni, au tanuru la joto kali.

Kwa vitendo, kuchukua sampuli za kupima: wanafunzi wakate koo la mnyama aliyekufa kwa upana, nyuma ya pembe ya taya, wakitafuta tezi mbili za limfu nyuma ya koromeo, moja kila upande. Kosa la kawaida ni kuleta tezi ya mate. Tezi ya limfu ni laini juu, ngumu kiasi, ya mviringo mrefu. Ya mate ina vinundu vinundu. Wachukue pia shina la ubongo, sehemu ya obeksi yenye umbo la V, kwa sababu kwa wapiti wengine prioni huonekana hapo kabla ya kwenye tezi. Nusu igandishwe kwa elisa, kipimo cha maabara, nusu iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi sampuli zisioze. Na wasidhani formalini imeua kitu: haiui prioni, wala pombe haiui, wala kuchemsha.

Visu vioshwe kwanza mpaka nyama na mafuta yote yatoke, ndipo viloweshwe dakika 5 kwenye javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: vipimo 2 vya javeli ya asilimia 5, vipimo 3 vya maji. Hilo la kuosha ulisisitize, maana javeli haipenyi ndani ya kipande cha nyama. Kama javeli ni ya kuchanganyiwa sokoni, haina nguvu hiyo, wasiitumie.

Watakuuliza kuhusu sisi. Ugonjwa huu ni wa ukoo wa kulungu, wale wanaoangusha pembe kila mwaka, na Kongo hatuna. Paa na mbawala wetu ni ukoo wa ng'ombe. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama hiyo. Hata hivyo wawindaji wanashauriwa kupima na kutokula iliyo na ugonjwa, nami nakubaliana nao kabisa, tukikumbuka kichaa cha ng'ombe cha Uingereza, ugonjwa wa prioni uliowafikia watu kwa kula nyama. Prioni kwa jumla si jambo la ng'ambo tu: mwaka 2018 Algeria ilitangaza ugonjwa wa aina hiyo kwa ngamia.

Ukitaka mchoro wa koo na tezi zake, niambie ni ukubwa gani wa karatasi, nitampa mtu anayepanda ndege ya Jumamosi.

Ndugu yako,
Murhula