Kaka, usukani uache kwanza

Kaka, mwangaluka!

Vipi hali, shemeji hajambo, watoto je? Huku Nyegezi wote wazima, Mama Kulwa anakusalimia sana na anasema lile sufuria bado analidai. Najua tumekaa kimya tangu tutoke msibani Magu, tutalaumiana tukionana, leo nina jambo moja na lina haraka.

Nimesikiliza ile sauti yako ya jana usiku, kwamba umeshaelewana na fundi rewaya, Jumamosi mnafungua usukani wa Noah, mnatoa eabegi, mnatafuta nyaya za batani za sauti na nyimbo mziunge kwenye hiyo kompyuta yako ndogo, Raspberry Pi, uliyoiweka badala ya redio. Kaka subiri. Nakuomba kabisa. Sikukatazi kazi yako, nimefurahi mno, na kwenye picha skrini imekaa utadhani imetoka nayo kiwandani. Ila usukani msiufungue, hakuna sababu. Hizo nyaya mnazozifuata humo ndani zimeshashuka zenyewe mpaka nyuma ya redio, zinakusubiri hapo.

Ona, gari lako limekuja na batani zake kutoka Japani. Ile redio ya zamani uliyoitoa, ile ya kuanzia 76 kuishia 90 ambayo stesheni zetu nyingi ilikuwa haizipati, ndiyo iliyokuwa inazisoma hizo batani. Ilizisomaje kama waya haujafika kwake? Zinatoka kwenye batani, zinapita kwenye ule mkanda bapa unaojizungusha chini ya usukani, zinashuka na nguzo mpaka kwenye plagi ya redio. Toyota wanaziita SW1, SW2 na SWG, hiyo ya mwisho ndiyo hasi yao. Kwa hiyo kazi yenu Jumamosi ni kutoa fremu ya dashbodi na kuvuta plagi basi. Rangi ya waya usiiamini, magari yanatofautiana, tafuta kwa mita ya kupimia umeme.

Sasa kwa nini naogopa huo usukani, maana najua utasema fundi ana uzoefu. Eabegi ina baruti ndani bana, ndiyo inayoijaza upepo kufumba na kufumbua, na inawashwa na umeme mdogo sana. Zile plagi za njano mkiziona msiziguse, na hasa asitokee mtu wa kuchomeka mita kwenye huo waya eti anaupima, umeme wa mita yenyewe unaweza kutosha kuilipua usoni kwake. Toyota kwenye vitabu vyao vya mafundi wanasema toa hasi ya betri halafu ngoja angalau sekunde 90 ndipo uguse, kwa sababu kompyuta ya eabegi inabaki na akiba ya umeme hata betri ikitoka. Nimeona mafundi wakitoa terminali na sekunde hiyohiyo wanaingiza bisibisi. Na ule mkanda nao, usukani ukitolewa halafu mtu akauzungusha kidogo, siku unakata kona mpaka mwisho unakatika, na hapo unapoteza honi, batani na eabegi vyote kwa pamoja. Una watoto kwenye hilo gari.

Haya, tuje kwenye kuunganisha, hapa ndipo patamu. Batani hazitumi ujumbe wowote wa ajabu, kila moja ina rezista yake, yaani kizuizi cha umeme, ukibonyeza unabadilisha omu, kipimo cha kizuizi hicho, kati ya SW1 na SWG, ndo hivyo tu. Mimi nilichomoa plagi nikaweka mita kwenye omu, mdogo wangu akawa anabonyeza namwambia shikilia, shikilia. Bila kubonyeza inasoma kama laki moja. Wimbo wa mbele karibu sifuri, wimbo wa nyuma kama 330, kuongeza sauti kama 1000, kupunguza kama 3100. Noah yako sijui itasoma vipi, pima mwenyewe uandike kwenye karatasi, usinakili zangu.

Hapo ndipo Pi inapokwama, haina mlango wa kusoma volti zinazopanda na kushuka, pini zake zinajua ipo au haipo, halafu ni za volti 3.3, ukiipa 5 unaiua. Ya Shija unakumbuka ilivyokufa? Alikamata waya wa taa za batani, zile zinazowaka ukiwasha taa za gari, akadhani ndiyo SW1, volti 12 ikaingia moja kwa moja kwenye pini, kwisha. Na huo waya wa taa nao upo hapohapo nyuma ya redio, ndo maana nasema upime kwanza, taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa.

Kwa hiyo katikati weka Arduino, ile bodi ndogo unayoiandikia programu, yenyewe inaweza kuzisoma hizo volti, na chukua aina ya Pro Micro sio Nano, maana Pro Micro ukiichomeka kwa USB kompyuta inaiona ni kibodi, haihitaji programu nyingine upande wa Pi. Kuunga ni hivi: volti 5 ya Arduino ipite kwenye rezista ya omu 1000 iende A0, pini yake ya kusomea volti, SW1 nayo iunge hapohapo A0, SWG iende kwenye hasi ya Arduino. SW2 ukiihitaji rudia hivyohivyo kwenye A1 na rezista yake nyingine. Arduino inasoma namba kutoka 0 mpaka 1023. Kwa omu zangu inatoka karibu 0 kwa wimbo wa mbele, 253 kwa wa nyuma, 512 kuongeza sauti, 774 kupunguza, na mkono ukiwa haugusi ni 1013. Zimeachana vizuri. Usiandike kwenye programu kwamba lazima iwe 512 kamili, weka nafasi ya 40 juu na 40 chini, maana injini ikiwaka alteneta inapeleka volti 14 hivi na namba zinacheza cheza.

Halafu kuna hili ambalo linawachanganya wengi. Kidole kikiwa ndo kinashuka kwenye batani, namba hairuki mara moja kutoka 1013 mpaka pale inapokwenda, inapita njiani, na Arduino ina haraka kuliko kidole, inaikamata njiani. Unabadilisha wimbo yenyewe inapunguza sauti. Dawa yake ni kusoma, kungoja kama milisekunde 30, kusoma tena, namba zikikubaliana ndipo utume. Ukishaweka hiyo inakuwa laini kabisa, gumba linagusa na sauti inashuka.

Na hilo gumba ndilo linanifanya nikazane hivi. Skrini ya kugusa haina alama ya kidole kushika, lazima uitazame, na wewe unapajua Buzuruga jioni, bodaboda inatokea kushoto, mama na beseni la samaki anakatiza, daladala kasimama katikati ya njia, sasa unainamia skrini kutafuta sauti iko wapi? Batani unaijua bila kuiangalia. Nikikuona umeunga hizo batani nitatulia moyo kuliko hata hiyo skrini yenyewe.

Umeme wa Pi sitakuchosha, ila zile chaja za kwenye kiberiti cha gari za bei ya chini achana nazo, ukiona kialama cha radi kwenye skrini ujue volti zimeshuka. Tafuta kishusha volti cha 12 kwenda 5 kinachoweza ampea 3, weka fyuzi karibu na pale unapochukua umeme. Na usiizime Pi kwa kukata ufunguo ghafla, kadi ya kumbukumbu itaharibika siku moja ukiwa safarini.

Sasa nijibu haya. Ulipotoa redio ile plagi nyeupe ndogo uliiacha nzima au huyo fundi aliikata akasokota nyaya na tepu? Maana kama kaikata tunaanza upya. Batani zina za simu pia au za muziki tu? Eabegi taa yake kwenye dashbodi sasa hivi inazima baada ya kuwasha gari au inabaki? Ikibaki niambie leoleo. Unayo mita nzuri huko Geita au nibebe yangu? Doto bado anajua kuunga nyaya kwa kuchoma risasi au kaacha kabisa? Na kwa nini usije tu nalo hapa Jumapili, daraja la Kigongo–Busisi si liko wazi tangu Juni 2025, hamna kupanga foleni ya kivuko tena, tunapima wote uwanjani kwangu, shemeji anakula sato na Mama Kulwa, jioni unarudi. Au nikutumie hiyo Pro Micro kwa basi? Ninayo moja ya ziada ndani, niambie mapema niwahi stendi kabla la asubuhi halijaondoka.

Ndugu yako,
Masalu