Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Kisu cha Kukunja

Fort Worth, Texas
9 Novemba 2024

Somo yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, ambaye bado anakudai sahani ya urojo uliyomwahidi ulipokuja hapa wakati wa Idi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kisu gani kikubwa cha kukunja kinamfaa mtu anayekata kamba na plastiki za mizigo mchana na kulala ndani ya lori lake usiku, nawe umekwisha kukitaja kimoja chenye bapa la inchi 5.5 ulichokiona ndani ya kabati la kioo kwenye kituo cha malori. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wewe si mtoto, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Habari za visu hivi nazijua kwa kazi, na nazijua pia kwa kovu.

Hilo kovu umeliona, ila kisa chake sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa kwanza ghalani nilinunua kisu cha bei ndogo, cheusi na kipana, chenye meno mgongoni ambayo hayakuwa na kazi yoyote isipokuwa kutisha watu. Kifungio chake kilikuwa cha kibamba: ukifungua kisu, ukanda mwembamba wa chuma ulio ndani ya mpini hujitokeza na kuegemea kitako cha bapa ili lisirudi. Siku hiyo nilikuwa nakata mkanda wa nailoni uliofunga paleti ya vigae. Ncha ikanasa, nami badala ya kulegeza mkono nikakivuta kwa kukipinda juu, kibamba kikateleza kwa mlio mdogo kama wa kitasa cha sanduku, na bapa likajikunja juu ya kidole changu cha shahada. Nilishonwa nyuzi nne, na kwa muda mrefu nilikuwa nikifungiwa vifungo vya shati na mke wangu. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu kisu cha kukunja, simwulizi kwanza habari za ukubwa wala sura. Namwuliza kikishafunguka kinazuiwa na nini.

Sisemi kwamba kibamba ni kitu kibaya. Kikitengenezwa vizuri ni imara sana, na wapo mafundi walioufanya upande mzima wa mpini kuwa kifungio, kama Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, ambaye kisu chake mashuhuri alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Nililipenda jina hilo nilipolisikia, maana kisu kinachouzwa kwa mamia ya dola kimepewa jina la kibarua, si la simba wala la shetani kama hivi vya kwenye kabati la kioo. Lakini wewe una mashoto, na hapo ndipo shauri langu linapobadilika. Vibamba vingi vimewekwa kwa ajili ya dole gumba la mkono wa kulia, hata klipu ya kuning'iniza kisu mfukoni mara nyingi hufungwa upande huohuo, kwa hiyo ukikitumia kwa kushoto utalazimika kukifunga kwa kugeuza vidole kinyume, tena mbele ya makali.

Kinachokufaa wewe ni kifungio cha mgongoni. Hiki ni kipande cha chuma kinacholala kwenye mgongo wa mpini, kikisukumwa na springi, na bapa likinyooka jino lake huingia kwenye pengo lililochongwa kwenye kitako cha bapa. Unakiachia kwa kubonyeza mgongoni, na hakijali ni mkono gani uliokishika. Kisu kilichoeneza mtindo huu Marekani ni Buck 110, kilichotoka katikati ya miaka ya 1960 na ambacho wawindaji wa huku bado hukivaa kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Bapa lake ni inchi 3.75 tu, nawe ukilishika utashangaa kwamba hilo ndilo watu waliloliita kubwa kwa miaka yote hiyo. Kasoro yake kwako ni uzito, kwani kinakaribia gramu 200 kwa sababu ya shaba iliyomo mpinini, tena cha kawaida hufunguliwa kwa mikono miwili, jambo linalokera pale mkono mmoja unapokuwa umeshikilia mzigo usianguke.

Mimi mwenyewe natumia Endura, cha kampuni ya Spyderco ya Golden, Colorado, ingawa chenyewe hutengenezwa Seki, Japani. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 1981 kisu cha kukunja chenye tundu la duara kwenye bapa na klipu ya mfukoni, vitu ambavyo leo tunaviona vya kawaida kabisa. Tundu hilo unaliingiza dole gumba na kusukuma, iwe ni la kulia au la kushoto, hata ukiwa umevaa glovu za baridi. Klipu yake huhamishwa upande wowote kwa skrubu tatu. Uzito wake ni kama gramu 100, na baada ya saa moja unasahau kwamba umekibeba. Ukinunua chochote chenye kifungio cha namna hii, kumbuka kulisafisha lile pengo kwa kijiti cha meno kila baada ya siku chache, maana vumbi la maboksi likijaa humo jino haliingii hadi mwisho, nawe utadhani kimefunga kumbe bado.

Kuhusu chuma chenyewe sitakuchosha. Ukinunua kwa mtengenezaji mwenye jina, chuma kitakuwa kizuri kuliko ustadi wetu wa kukinoa. Jihadhari tu na chuma kiitwacho D2, ambacho hushika makali muda mrefu lakini si cha pua kamili, na jasho la Texas likikilalia utaamka na vidoa vya kutu. Boksi la karatasi ngumu humaliza makali haraka kuliko kamba. Mimi hunoa kila Ijumaa usiku, na nisipokuwa na jiwe hugeuza kikombe cha udongo na kutumia ule mduara wa chini usiopakwa rangi, kama mama zetu kule Tanga walivyokuwa wakipitisha kisu mara mbili tatu kwenye kizingiti cha saruji kabla ya kupaa samaki.

Sasa nije kwenye urefu, maana hapa ndipo kile kisu chako cha inchi 5.5 kinapoanza kukuletea kesi. Hapa Texas hakina tatizo. Tangu Septemba 2017 mtu mzima anaweza kubeba bapa la urefu wowote, ila likizidi inchi 5.5 haruhusiwi kuingia nalo mahali kama shuleni, hospitalini, mahakamani na kwenye nyumba za ibada. Hicho chako kimekaa kwenye mstari wenyewe. Lakini lori lako haliishi Texas. Umeniambia njia zako ni Denver na Chicago. Colorado, ambako ndiko iliko Denver, kisu kilichofichwa mwilini chenye bapa linalozidi inchi 3.5 kinaweza kukushtakisha, na jambo linalonichekesha ni kwamba hata Endura yangu, yenye inchi 3.8, inavuka kipimo cha jimbo la kampuni inayoiuza. Chicago ni inchi 2.5 kwa kisu kilichofichwa, na majengo ya serikali kuu nchi nzima yana kipimo hichohicho. Ukipelekwa New York, jiji lile limeweka inchi 4. Zaidi ya hayo, kampuni nyingi za malori zina kanuni zao kuhusu silaha ndani ya gari, kwa hiyo usome mkataba wako kabla ya kusoma vipeperushi vya visu.

Najua, hata hivyo, kwamba si plastiki za mizigo zilizokufanya uniandikie. Umesema mtu alijaribu kitasa cha mlango wako saa nane za usiku, ukakaa macho hadi alfajiri. Nimeifikiria hali hiyo kwa makini. Umelala kitandani nyuma ya viti, kuna kiza, nafasi ya kunyoosha mkono hakuna, na kisu kimekunjwa ndani ya suruali uliyoivua. Uamke, ukitafute, ukifungue kwa vidole vinavyotetemeka, uhakikishe jino limeingia, kisha usubiri mtu akukaribie kiasi cha kuguswa, kwa sababu kabla ya hapo kisu hakina msaada wowote. Kisu hakizuii pigo wala hakimsogezi mtu mbali. Kinaanza kufaa pale tu ambapo yeye naye amekwisha kukufikia, na katika kung'ang'aniana watu wawili kwa kawaida wote hutoka damu. Kile kirefu ndicho kibaya zaidi humo ndani, maana kinahitaji nafasi ya kufunguka ambayo huna. Tena ukimkata mtu, sheria za huku kwa kawaida zitaliangalia jambo hilo kama matumizi ya nguvu za kuua, sawa na risasi, na utatakiwa kueleza kwa nini hukuwasha gari ukaondoka. Askari akikuuliza kisu ni cha nini ukamjibu kwamba ni cha kujilinda, wewe mwenyewe umekwisha kukiita silaha.

Kwa hiyo fedha za inchi zile za ziada nunua tochi kali na uilaze karibu na mto. Mtu aliyeshika kitasa chako akimulikwa usoni kupitia kioo huku honi inalia hana tena siri ya kulinda. Madereva wa siku nyingi hupitisha mkanda wa kiti kwenye vishikio vya milango yote miwili na kuufunga, hata kitasa kikivunjwa mlango haufunguki. Ujizoeze tu kuufungua gizani, moto usije ukakukuta humo. Jitahidi pia kuegesha mapema. Saa zako 11 za kuendesha unazoruhusiwa kisheria zikiishia usiku mwingi, utakuta nafasi zilizobaki ni zile za mwisho kwenye giza, na huyo wa saa nane anazijua kuliko wewe.

Shauri langu basi ni Delica, mdogo wake Endura, chenye umbo lilelile na bapa la inchi 2.9. Kinakata kila ninachokata mimi, isipokuwa tikiti maji. Kwa Chicago bado kimezidi, hivyo kikae kwenye sanduku la vifaa pamoja na koleo na spana, nawe ushuke bila kitu mfukoni. Ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye sanduku linalopakiwa chini. Usikitumie kubandulia misumari ya paleti, kwa sababu ncha itavunjika na utanilaumu mimi.

Lakini usinunue kabla hujakishika. Jumamosi ya wiki ijayo nipo zamu ya asubuhi tu. Pitia hapa, uje na zile glovu zako nene, nitakupa Endura yangu uifungue na kuifunga kwa mkono wako wa kushoto mara ishirini, kisha twende tukapime kile kidogo. Na hicho kibutu ulichonacho sasa uje nacho nikinoe.

Wasalimie watoto na mama yao.

Ni mimi somo yako.