Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Wanachama Wanaoanza Kazi ya Unenaji

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Taarifa yangu nimewaelekezea wenzetu wanaotaka kuishi kwa kuzungumza mbele za watu, kwa kuwa wengi wao wamekwama mahali pamoja: wanakubali mwaliko wa mada yoyote. Leo malezi, kesho ujasiriamali, keshokutwa uongozi. Mwalikaji halipii ufasaha mtupu. Analipia jambo ambalo jina lako limeshafungamana nalo.

Kwa hiyo chagua mada moja, uiandalie hotuba ya dakika 20, uitoe bure shuleni, vyuoni na kwenye vikundi vya VICOBA (vya kuweka na kukopa) mpaka uone ni wapi watu wanainua vichwa na ni wapi wanashika simu. Ukisema maneno 100 hadi 120 kwa dakika, dakika 20 ni maneno 2,000 hadi 2,400. Andaa ya dakika 17 tu. Zilizobaki zitaliwa na utambulisho na makofi. Ratiba za kwetu huchelewa, na anayepunguziwa muda mara nyingi ni mzungumzaji wa mwisho, basi amua mapema ni mfano upi utauruka. Hitimisho usiliguse. Kuzidisha muda ndiko kunakowanyima wengi mwaliko wa pili, kuliko hata kutetemeka.

Fika ukumbini mapema, ukajaribu kipaza sauti pamoja na fundi mitambo. Kishike kwenye mpini, sentimita 5 hivi kutoka mdomoni. Ukikifumbata kichwani unaziba matundu ya nyuma yanayokisaidia kukwepa sauti za pembeni. Kitaanza kunasa sauti ya spika, na ukumbi mzima utasikia ule mlio mkali. Kupita mbele ya spika nako huleta balaa hilohilo.

Video ya kujitambulisha isizidi dakika 3, na sauti iwe safi kuliko picha. Makubaliano yawe ya maandishi: tarehe, muda, mada, nani analipa nauli na malazi, na nusu ya malipo itangulie. Kwa hapa Tanzania, uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kampuni inapomlipa mkaazi kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti cha makato hayo, ndicho kitakachokutetea wakati wa ritani, yaani kuwasilisha hesabu za kodi.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mazoezi yafuate utaratibu wa Toastmasters, chama cha kujifunza kuzungumza hadharani alichokianzisha Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, mzungumzaji huonyeshwa taa ya kijani dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Kisha mtathmini apewe dakika 2 hadi 3, ataje kosa moja linalorekebishika na namna ya kulirekebisha. Sifa tupu tumezisikia za kutosha, na hazijamsaidia mtu. Kadi za rangi zitatufaa mpaka taa zipatikane.