Kiasi cha bunduki hakijazwi kwa kukisia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno juu ya jambo ambalo, tangu mvua za masika zilipokatika, linazungumzwa sana barazani kwetu huku Kusini Unguja, nalo ni kujaza upya majumbani maganda ya risasi za marisau, yaani zile zenye vidonge vidogo vingi vya madini.

Chanzo chake ni simu. Mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye bunduki ya mtutu mmoja na leseni yake, alinionesha video ya Mmarekani mmoja aliyekaa katika karakana ya nyumbani kwake, anavuta chini mkono wa mashine, anauachia, anauvuta tena, na kila akiuvuta ganda tupu linazidi kufanana na risasi mpya. Kijana akaniuliza, "Ami, na sisi hatuwezi? Maganda tunayatupa bure makondeni." Swali lake si la upuuzi, kwani nguruwe mwitu akilala katika konde la muhogo usiku mmoja, asubuhi mwenye konde hukuta mashimo, na bei ya risasi humfanya mkulima afikiri mara mbili kabla ya kugusa mtambo wa bunduki.

Nilimjibu kwamba mashine ni kitu cha mwisho kununuliwa, na kwamba aanze na mizani. Wazee wetu risasi nzima ya bunduki ya marisau waliiita kiasi, yaani baruti na marisau vilivyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja, tafauti na gobori ambalo mtu hulishindilia kwa mdeki baada ya kukisia baruti kwa kiganja chake. Neno hilo vijana wa leo hawalitumii tena, na mimi naona limepotea pamoja na adabu yake.

Risasi ya namba 12, ambayo ndiyo ninayoitumia, ina vitu vitano: ganda la plastiki lenye kitako cha madini, fataki, yaani kiwashio cha baruti, katikati ya kitako, baruti yenyewe, kizibo cha plastiki chenye kikombe, na marisau ndani ya kikombe hicho. Anayejaza upya huing'oa fataki iliyokwisha kupigwa, akakirudisha kitako kwenye upana wake, akapachika fataki mpya, akamimina baruti, akakandamiza kizibo, akatia marisau, kisha akaukunja mdomo wa ganda mikunjo sita au minane mpaka ukaziba. Kwa maneno ni kazi nyepesi, na mbele ya kamera ni nyepesi zaidi. Jambo ambalo video haioneshi ni kwamba vitu hivyo vitano vimejaribiwa pamoja. Watengenezaji wa baruti huchapisha majedwali yanayotaja ganda la aina gani, fataki gani, kizibo gani, na uzito gani wa baruti na wa marisau, na mtu anayebadilisha kimoja tu, hata fataki peke yake, huwa amebadilisha nguvu ya mripuko ndani ya mtutu bila ya kujua ni kwa kadiri gani. Jedwali hufuatwa lilivyo au kazi haifanywi.

Nayasema haya kwa kidole changu. Mwaka 1987, nikiwa kijana nisiyesikia la mtu, nilipasua risasi kuukuu nikachukua baruti yake, chembe ndogo za kijivu zilizonikalia kiganjani kama pilipili manga iliyotwangwa, nikaitia katika gobori la marehemu babu yangu. Nilipima kwa kifuniko cha chupa ya marashi, kipimo kilekile tulichokitumia siku zote kwa baruti nyeusi, nikashindilia makumbi ya nazi juu yake. Mtutu ulipasuka ubavuni, juu ya mkono wangu wa kushoto, na tangu siku ile kidole cha shahada cha mkono huo hakikunjiki. Baba hakunigombeza, aliyaokota mabaki ya gobori akayafunga katika gunia, wala sikuyaona tena.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Baruti nyeusi ya magobori na baruti isiyo moshi, ile iliyokuwamo katika risasi niliyoipasua, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ni vitu viwili mbali mbali japokuwa vimechangia jina. Kurusha gramu 28 za marisau, kwa kawaida hutosha baruti isiyo moshi isiyofikia gramu mbili, ambapo baruti nyeusi kwa kazi hiyohiyo ingekaribia gramu tano. Ndiyo maana baruti nyeusi ilimvumilia mzee aliyepima kwa kifuniko, na hii ya sasa haimvumilii mtu. Hupimwa kwa uzito, tena kwa kipimo kidogo kiitwacho greni, ambacho 7,000 zake ndizo zinazofanya ratili moja, na mizani ya dukani ya kupimia sukari haiwezi hata kuitikia uzito huo.

Kuhusu nafuu ya bei, nakiri kwamba hesabu hainishawishi. Mashine aliyonionesha kijana ilikuwa ya kampuni ya MEC, ya kutoka mji wa Mayville katika jimbo la Wisconsin, nami sina ubaya nayo. Lakini Mmarekani anayecheza mchezo wa kulenga visahani vya udongo anaweza kumaliza risasi 100 kwa asubuhi moja, na mtu kama huyo mashine itamlipa. Mimi mwaka jana nilipiga risasi 19, na mbili kati ya hizo zilikwenda hewani kutisha kima. Mashine, mizani, fataki, vizibo na baruti, vyote vikiagizwa ng'ambo, havitaokolewa na risasi 19.

Kisha iko nyumba yenyewe. Baruti hukaa katika kopo lake la asili, penye baridi na ukavu, mbali na jiko, na hakuna chumba chetu kinachobaki kikavu masika nzima. Fataki nazo hukaa katika pakiti zake, hazimiminwi ndani ya kopo, kwa sababu moja ikiripuka huweza kuziripua nyenzake. Marisau ni madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake halitakiwi popote panapokatwa mboga au panapotambaa mtoto. Nimesikia kwamba wapo wanaoyeyusha betri kuukuu za gari uani ili wapate marisau ya bure. Hao nawaomba waache leo, maana moshi na vumbi la kazi hiyo huwadhuru watoto akili zao kabla mzazi hajaona dalili yoyote.

Juu ya yote hayo iko sheria. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kutengeneza risasi, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimwachii mtu kujitengenezea bila ya kibali, hata kama bunduki yake ni halali. Wengi kijijini kwetu hawalijui hili, na siwalaumu, kwani aghalabu msasi huambiwa masharti yake siku anapokuwa tayari amekosea.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mamlaka, nalo ni dogo. Watoe maelezo kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe katika ofisi za masheha, yakieleza nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi kuhusu baruti, fataki na maganda. Na ikiwa inawezekana kisheria, basi badala ya kila mtu kujaribu chumbani kwake, wasasi wenye leseni wa wilaya wapatiwe meza moja, mahali pamoja panapokaguliwa, chini ya mtu mmoja aliyefunzwa na kupewa kibali, wawe wanakwenda na maganda yao wakati wa msimu wa muhogo. Ikiwa haiwezekani, tuambiwe hivyo waziwazi, ili mtoto wa kaka yangu asiitume pesa yake Marekani. Amekwisha kuuza mbuzi wawili, na kila jioni ananipitia kuniuliza kama gazeti limenijibu.

Wako,
Msasi mzee,
Makunduchi, Unguja.