Kamera ya Chumbani kwa Mama

Kisumu

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, unasema unataka kuweka kamera ya kurekodi chumbani kwa mama, kwenye makao ya wazee kule Nakuru. Kabla hujanunua kamera hiyo, muulize mama mwenyewe. Chumba ni chake, hata kama ada ya makao hayo unalipa wewe. Katiba ya Kenya inamlinda asidhulumiwe katika Kifungu cha 57, na inamlindia faragha katika Kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya hiari, na anaweza kuiondoa wakati wowote. Akili ikianza kumpotea, atakayemsemea ni mlezi aliyeidhinishwa. Kuwa bintiye pekee hakutoshi.

Mwenzake wa chumbani naye aulizwe, tena kwa maandishi. Wengi husahau hapo. Kule Illinois, Marekani, sheria iliyoanza kutumika 2016 inampa mwenza wa chumbani haki ya kukataa, au kukubali kwa sharti kwamba kamera isimwelekee, na lazima kuwe na tangazo la wazi. Nakusihi mfanye vivyo hivyo. Kamera ya kuficha itawavunjia heshima wote wawili.

Ifungeni juu, ione kitanda cha mama na mlango, isione anapoogeshwa wala anapobadilishwa nepi. Maikrofoni izimwe, maana sauti za mwenzake na wageni wake hazina mpaka. Halafu kuna neti ya mbu: kamera ikiwa nje ya neti, usiku mwanga wake wa infraredi, usioonekana kwa macho, hugonga nyuzi na kurudi, picha yote inakuwa nyeupe. Jaribuni usiku neti ikiwa imeshushwa, msogeze kamera mpaka kitanda kionekane.

Stima ikipotea, saa ya kamera huweza kurudi nyuma, na picha yenye tarehe ya uongo inapingwa kirahisi. Ikagueni saa hiyo kila baada ya umeme kurudi. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza.

Kamera ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde, hula karibu gigabaiti 22 kwa siku, kwa hiyo kadi yake ya kuhifadhia picha ya gigabaiti 128 hujaa kabla ya wiki kuisha, na kamera huanza kufuta picha za zamani. Ukiona mama ana jeraha lisiloelezeka, chomoa kadi siku hiyohiyo, weka nyingine, na usisambaze picha WhatsApp, hata kwa ndugu. Mpelekee msimamizi wa makao malalamiko kwa barua, na kama mama ameumizwa, nenda polisi.

Nisalimie mama sana.

Wako,
Wanjala