Shukrani kwa dada wa saiba, Kisumu

Dada, jina lako sikuuliza, ndiyo maana nakushukuru mbele ya watu. Jumanne ile niliingia saiba karibu na Kibuye nikiwa nimechoka kabisa. Nilidaiwa insha kuhusu Bernard Lonergan, mwanafalsafa na padri Mjesuiti wa Kanada, na kitabu chake Insight cha 1957, kuhusu jinsi binadamu anavyoelewa mambo, kina kurasa zaidi ya 700. Nakala pekee ya maktaba yetu ilikuwa imeazimwa, na bando langu lilikuwa limekwisha.

Ulichungulia kutoka kompyuta ya pili ukacheka. "Kaka, huyo hasomwi peke yake, husikilizwa kwanza." Ukanifungulia hifadhi ya mtandaoni yenye maandishi yake na sauti za mihadhara yake. Ukaniambia nianze na mihadhara ya Halifax, Kanada, 1958, anapoeleza Insight kwa mdomo. Ukatulia nami karibu saa nzima. Nilipokwama ukanikumbusha kwamba mapema katika sura ya kwanza kitabu chenyewe kinamsimulia Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, akikimbia uchi kutoka bafuni, kwa furaha ya kuelewa jambo. Hapo nilicheka, na ukweli ni kwamba hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Kisha ukaninakilia sauti kwenye flashi yako mwenyewe, ukanipa. Soda ulikataa, eti matatu ya Busia inajaa.

Insha nimeiwasilisha. Flashi yako niliitunza, na wenzangu wawili wameshanakili. Ukipita tena Kibuye, nimeiacha kwa mhudumu wa saiba. Nanyi mnaojua mahali vitu hivi vilipo, mwonyesheni aliyekaa kando yenu.