Malalamiko kuhusu juzuu ya nne ya riwaya zenu za majini

Chumbageni,
Tanga.

Mkurugenzi wa Uhariri,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUVUNJWA KWA MASHARTI YA MAJINI KATIKA JUZUU YA NNE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mzazi, na ni msomaji wa riwaya zenu za vijana zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, zinazohusu wale viumbe wa misituni wa hadithi za kale za Uskoti na Ireland ambao mtafsiri wenu amewaita majini. Juzuu tatu za kwanza tulizisoma barazani baada ya magharibi, binti yangu wa miaka 14 akisoma kwa sauti na mimi nikisuka ukili.

Kilichotuteka ni masharti. Chuma huwaunguza majini hao, mwanadamu akila chakula chao huenda asirudi tena kwao, na ulimi wao hauwezi kutamka uongo. Kwa hiyo kila neno la malkia wao tulilipima mara mbili, tukijua kwamba hila yake imo katika lile alilolinyamazia. Binti yangu aliyashika masharti hayo hata akawa anatia msumari wa inchi tatu mfukoni mwa sketi ya shule, nami sikumkataza.

Katika juzuu ya nne, msichana shujaa amevaa mkufu wa chuma tangu sura ya pili, kisha katika sura ya tisa anamkumbatia mfalme wa majini kifua kwa kifua, na mfalme haungui hata kidogo. Baadaye malkia anasema uongo mtupu, usio na fumbo ndani yake, na vita vyote vinaamuliwa kwa uongo huo. Binti yangu alinyamaza, akaingia ndani, akarudi na juzuu ya kwanza, akaifungua penye kiapo cha malkia na kuniwekea vitabu vyote viwili magotini. Sikuwa na la kumjibu.

Siwezi kumwambia kuwa ni hadithi tu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii, alituonyesha katika Adili na Nduguze namna Adili alivyowachapa kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, huku moyo ukimuuma, na adhabu ile haikukoma mpaka majini wenyewe waliporidhia ikome. Sharti lingelegea njiani, uchungu wa hadithi ungekwisha.

Naomba basi mlinganishe sura hizo na kitabu cha asili. Huenda mkufu ule ulikuwa wa fedha, na huenda maneno ya malkia yalikuwa na maana mbili, tafsiri ikabakiza moja. Ikiwa kosa ni lenu, mtupatie kurasa zilizosahihishwa au mturudishie fedha tuliyonunulia juzuu hiyo. Ikiwa ni la mwandishi, mtuambie hivyo waziwazi. Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi kabla juzuu ya tano haijaenda mtamboni, kwa sababu binti yangu ameshaanza kuiwekea akiba.

Wenu,
Mzazi na msomaji.